Mnoa Visu Aliyekatazwa Kupuliza Filimbi

Zamani mtu wa baiskeli alipoingia kijijini kwetu Valdecorva wanawake walimtokea na visu mkononi naye akafurahi. Siku hizi wanaingia kumi kwa mpigo, wamevaa nguo za kubana kama soksi, na hakuna hata mlango mmoja wa kuwafungukia.

Wanasimama chini ya tao la lango la kale, wanaipiga picha ngao ya mawe ya ukoo ambao hata sisi tumeusahau, wanajaza chupa zao kwenye bomba la uwanjani, wanaondoka. Majuzi msichana mmoja, mwenye adabu zake, aliniuliza ninaishi na nani hapa. Nikamwambia ninaishi na paka. Akacheka. Sikuwa natania.

Kuhusu lango hilo kuna vitabu, na vyote nimevisoma. Vinataja maaskofu waliopita chini yake. Hakuna kinachomtaja Delmiro, aliyepita mara nyingi kuliko maaskofu wote.

Delmiro alikuwa mnoa visu, Mgalisia wa upande wa Ourense, kaskazini-magharibi mwa Hispania, kama walivyokuwa karibu wanoa visu wote wa enzi ile. Baiskeli yake nzito, nyeusi, ndiyo ilikuwa karakana yake. Akifika uwanjani hulinyanyua gurudumu la nyuma kwa stendi ya chuma, anafunga mkanda kutoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la mviringo lililokaa mbele ya kiti, kisha anapiga pedali bila kwenda popote, cheche zinamrukia kifuani. Kabla ya hapo, akiwa bado kwenye kona ya barabara yenye miti ya mipopla, alikuwa akipuliza filimbi yake ya mti, akiivuta midomoni kutoka sauti nene hadi nyembamba na kuirudisha. Mimi kusoma kwenyewe nilijifunzia kwenye magazeti ya zamani aliyofungia visu alivyokwisha kunoa.

Kila mwaka alikuja majira ya kuchipua na akarudi Septemba, ngano ikiwa ghalani. Na kila alipokuja, wa kwanza kufika uwanjani alikuwa Práxedes, mjane aliyeendesha tanuri la mkate, akiwa na mkasi uleule.

"Práxedes, mwanangu," bibi jirani yake alimwambia siku moja mbele ya watu, "mkasi huo utaisha wote. Utabaki umeshika matundu ya vidole."

"Mama, si lazima utazame."

"Nitazame nini kingine hapa? Mnara wa kanisa nimeshauona."

Delmiro aliinamia jiwe lake, masikio yamemwiva. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye maneno machache. Alilala juu ya zizi la Práxedes, kwenye majani makavu, na asubuhi alikwenda zake kabla hajamwongezea mtu maneno ya kusema. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: kuliweka jiwe lake kwenye baraza la Práxedes na kutolihamisha tena. Naye Práxedes alilitaka hilohilo, lakini alikuwa na mama yake kitandani, asiyeweza kujigeuza, na nyumba ni ya mama.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua, walielewana. Práxedes alimwambia, nami nilikuwa pale nikisubiri mundu wangu: "Mama amekubali. Ukirudi na nia yako ni ileile, puliza tangu mbali. Nikusikie kabla sijakuona, nipate hata kuvua aproni."

Hakumwambia asipulize Agosti. Nani angemwambia mnoa visu jambo kama hilo? Kwetu kila mtu alijua kwamba filimbi ya mnoa visu hugeuza hali ya hewa. Ukiisikia, anika nguo zako ndani. Ngano ikiwa bado kwenye viwanja vya kupuria, wanoa visu wenyewe waliificha mfukoni na kubisha hodi mlango kwa mlango. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo.

Delmiro hakuweza kungoja Septemba. Alikuja Agosti, katikati ya kupura, miganda imetandazwa juani kijiji kizima, nyumbu wa kazi wanazunguka juu yake. Tukaisikia filimbi kwenye mipopla. Nyumbu wangu aliendelea kutembea, lakini watu wote walisimama. Nilimwona Mzee Hermógenes, mkuu wa kijiji, akivua kofia na kutazama juu kama mtu aliyeitwa na jirani wa ghorofani.

Kabla jua halijazama ilishuka mvua ya mawe, na baada yake mvua ya kawaida isiyotaka kukoma. Ile ngano ilichipua palepale ilipotandazwa, kijani kibichi, nzuri kutazama. Majira hayo tulikula mkate wa shayiri.

Wanaume wa kijiji, nami nikiwa nyuma yao, walimkuta Delmiro jikoni kwa Práxedes, akiwa na koti safi.

"Wewe Mgalisia," Mzee Hermógenes alisema, "toa hicho kidude."

Akakitoa. Mzee akakiweka kwenye jiwe la kizingiti na kukiponda kwa kisigino.

"Mimi ndiye niliyemwambia apulize," Práxedes akasema.

"Basi nenda naye."

"Na mama yangu nimbebe mgongoni?"

Delmiro aliokota vipande vya filimbi, akavitia mfukoni, akaiviringisha baiskeli hadi langoni. Vijana walikuwa wamemwandalia njuga za ng'ombe na masufuria, vile tulivyowapigia wajane wanaoolewa tena. Wakampigia hizo hizo akiondoka. Nami sikupiga, lakini sikumwambia mtu aache.

Mama yake Práxedes alifariki majira yale ya baridi, na tukamzika ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Kisha majira ya kuchipua yakaja bila tone la mvua. Aprili, kavu. Mei, kavu. Tulimtoa mtakatifu wetu wa kuchongwa kanisani tukamzungusha mashambani, tukamrudisha amejaa vumbi. Ngano ilisimama kimo cha shubiri, imekuwa ya njano. Jioni moja kwenye kilabu cha mvinyo mtu mmoja akasema lile ambalo wote tulikuwa tunalifikiria.

"Yule bwana anaweza kuileta."

"Nani?"

"Usijifanye hujui nani."

Mzee Hermógenes alikunywa glasi yake hadi mwisho. "Eladio," akaniambia, "wewe una miguu. Chukua baiskeli ya padri."

Ndivyo nilivyopanda baiskeli kumtafuta Delmiro. Hawa wa siku hizi wanalipa kupita njia niliyopita mimi kwa kutumwa. Nilipita Torremolar, ngome yake ikiwa imejaa njiwa. Nilivuka daraja la Warumi nikiwa nimeiweka baiskeli begani kwa sababu ya mawe. Nililala kwenye mabaraza ya makanisa. Kila kijiji nilichoingia niliuliza swali lilelile, na kila mahali bado kulikuwa na mtu wa kunijibu. Alikuwa hapa juzi. Amenoa visu vya mchinjaji. Amekwenda upande wa mtoni. Na mwanamke mmoja, akichambua dengu mlangoni, aliniambia, "Lakini amebadilika. Siku hizi anapiga kelele tu kama muuza samaki. Filimbi hana."

Nilimkuta San Yagüe, siku ya soko, chini ya matao ya uwanja, ananoa kisu cha kukatia paja la nguruwe lililokaushwa. Alinitambua lakini hakusimamisha pedali.

"Mzee Hermógenes anakuita," nikasema. "Wanataka upulize. Mvua imegoma."

"Alinipondea filimbi."

"Ndiyo."

"Kwa mguu wake."

"Ndiyo, nilikuwepo." Kisha nikasema lile ambalo sikuwa nimetumwa. "Mama yake Práxedes alifariki Januari."

Jiwe lilizunguka kidogo zaidi, likapoa, likasimama. Alijaribu kisu kwenye ukucha wa kidole gumba, akampa mwenyewe, akaufungua mkanda. Akaingia duka la seremala wa upande wa pili na kutoka na filimbi mpya, mti bado mweupe. Hakuipuliza. Tuliendesha baiskeli kurudi, yeye mbele, na kwenye mlima nilishindwa kumfikia, pamoja na jiwe lake lote.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Walikuwa wametandika meza, wameweka soseji na mvinyo, walewale wa njuga. Mzee Hermógenes akamshika mkono.

"Delmiro, rafiki yangu. Yaliyopita yamepita. Puliza."

Delmiro hakuitazama meza. "Práxedes yuko wapi?"

"Puliza kwanza, kisha tutaongea."

"Niko hapa," Práxedes akasema kutoka mlangoni mwake. Hakuwa na aproni. Alikuwa na bunda la nguo na ule mkasi umechomekwa mkandani. "Nimewasikia tangu kwenye mipopla. Baiskeli ya padri inalia kama nguruwe."

Bibi jirani akaanza kulia. "Na mkate atatuokea nani?"

"Moto nimeuacha, Mama. Unga uko pale."

Mzee Hermógenes aligeuka huku na huku. "Kaeni hapa hapa! Baraza utalipata, jiwe utaweka. Nani atakukataza?"

Delmiro alifikiri. Naamini alifikiri kweli, maana ndicho alichokuwa akikitaka miaka yote, nacho kilikuwa mbele yake, na soseji juu. Akamtazama Práxedes. Naye akatikisa kichwa kukataa, kidogo tu.

"Nitapuliza kwenye mipopla," Delmiro akasema. "Nilipopulizia ile siku."

Akamkalisha kwenye keria, bunda mapajani, wakapita chini ya lango. Sikupata kuwaona tena. Mvua, kwa wanaopenda kujua, haikuja mwaka ule, na vuli ilipofika familia za kwanza zilifunga milango na kwenda Bilbao viwandani.

Lakini siku ile tulisikia filimbi kutoka kwenye kona, nene hadi nyembamba na kurudi, mara moja. Watu wote uwanjani waliinua nyuso kutazama mbingu, nayo ilikuwa buluu tupu. Mimi nilitazama barabara. Práxedes alikuwa amemshika kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa ameshikilia kitambaa chake cha kichwa kisipeperuke, maana walikuwa wameanza kuteremka.