Kidumu Kilichorudishwa Jikoni

Kwetu shamba haliuzwi kavu. Muuzaji na mnunuzi wakishapatana, pombe inaletwa, na majirani wanaopakana na shamba wanakaa na kunywa mbele ya wote wawili. Anayekunywa amekuwa shahidi. Siku ya ugomvi ataitwa, atasimama, atasema: nilikuwepo, nilikunywa, mpaka ni mfereji ule, si huu. Asiyekunywa, hata kama alisimama palepale akaona yote kwa macho mawili, alikuwa mpita njia tu. Ndivyo baba yangu alivyopata shamba lake la Katogota. Majina ya waliokunywa siku ile ninayo kichwani mpaka leo, wanaume na wanawake, na nani alimwaga kikombe chake kwa kucheka. Wote wamekwisha kufa. Sitawaandika hapa, wala hao wengine nitakaowasema, wazima kwa wafu. Majina niliyasema mara moja mbele ya mtu aliyesoma, nikaona alivyoyapokea.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, nikamlea mimi katika parsele yangu, kiwanja changu cha Kavimvira, katika nyumba ile ile ambayo ziwa linaitafuta sasa kila mvua. Aliniita Koko, kama wajukuu wote wa huku wanavyoita bibi zao. Nilikausha ndagala mchangani mpaka mikono ikanuka samaki hata Jumapili kanisani, akaenda kusoma mambo ya ordinatere, hizo kompyuta, Bujumbura. Aliporudi hakutafuta kazi ya biro, ya ofisini. Alivuta meza ya marehemu mama yake akaiweka kwenye chumba cha mbele, akafungua ordinatere yake, akaanza kuandika programu kwa ajili ya watu wa Ulaya.

Nilimuuliza wanajenga nini.

“Inaitwa blokcheni, Koko.”

“Hiyo ni jina. Nimekuuliza kitu.”

Akageuza kiti. “Weye unajua mambo ya mashahidi wa shamba?”

“Nani hajui?”

“Basi fikiri mashahidi wengi sana, kila mmoja kwake, hawajuani. Watu wakipatana jambo, mashahidi wote wanaliweka kichwani namna moja. Mmoja akitaka kudanganya, wale wengine wanamkatalia. Na jambo la leo limefungwa kwenye jambo la jana, kama mkia wa ng’ombe na ng’ombe. Ukivuta mkia, ng’ombe mzima anageuka kukuangalia.”

“Na hao mashahidi wanakunywa nini?”

Alicheka mpaka akashika ubavu. “Umeme, Koko. Wanakunywa umeme, na hawashibi.”

Siku hizo neno hilo la blokcheni lilikuwa bado halijafika kwenye redio zetu. Walikuwa kikundi kidogo, kila mmoja na nchi yake, na juu yao patro mmoja, mkubwa wa kazi, Mzungu mwenye ndevu. Sehemu ya mjukuu wangu ilikuwa ile ngumu: jinsi mashahidi wanavyopatana wakati wengine wamenyamaza na wengine wanadanganya. Alichoandika alimtumia patro, na patro ndiye alikiingiza kwenye kazi kubwa. Wakati ule sikuona ubaya. Fundi wa matofali naye hampelekei mwenye nyumba tofali moja moja, anampa fundi mkubwa.

Ikafika siku ya kupatana. Patro angeonekana kwenye ordinatere, aseme mbele ya wenzake kwamba kitu kile kikisimama, mjukuu wangu atahesabiwa kati ya wajenzi wake na atakuwa na fungu lake. Niliposikia hivyo, nikajua kazi yangu. Nilikamua ndizi, nikatengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikaijaza kwenye kidumu cha njano. Nikaita majirani watatu: mzee aliyefanya kazi zamani kwenye kiwanda cha sukari, mama mmoja ninayekaa naye kwenye ndagala, na pasta aliyeshuka kutoka milimani wakati wa vita, ambaye hanywi pombe. Huyo nilimwekea maziwa. Walikuja wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti chini ya dirisha.

Mjukuu alitoka chumbani na shati jeupe lililopigwa pasi, tai shingoni, na chini kaptula ya kuchezea mpira.

“Eeh!” mama wa ndagala akapiga makofi. “Juu ni harusi, chini ni mechi!”

Hakucheka. Aliona kidumu, akaona vikombe.

“Koko, hii ni nini?”

“Mashahidi wako.”

Akanivuta pembeni. “Patro atasikia watu wanakunywa pombe dirishani. Atasema nini?”

“Atasema una watu.”

“Koko, tafadhali. Hii mambo haiko ya pombe. Kontra itakuwa ndani ya masini.”

“Umeiona?”

“Ataituma.”

Akabeba kidumu mwenyewe kwa mikono miwili, akakirudisha jikoni. Akarudi kuchukua maziwa ya pasta. Kisha akawaomba wote watatu samahani kwa maneno ya upole kabisa, maneno ya mtu aliyesoma, akawaambia warudi siku nyingine. Mzee wa kiwanda alikuwa ameshika kikombe tayari. Alikiangalia ndani, hakina kitu, akakiweka juu ya kiti.

“Haya, mwanangu,” alisema. “Tunaenda kavu.”

Nilikaa jikoni na kidumu changu. Kupitia mlangoni nilimsikia patro akicheka, nikamsikia akiita jina la mjukuu wangu, akalivunja vibaya, kisha majina ya wale wengine. Yote niliyashika. Kiingereza chao sikukijua hata neno moja.

Aliandika mvua zote na kiangazi chote. Umeme ukikatika aliwasha betri. Ziwa lilipoingia uani hakuhama, aliinua meza juu ya matofali akaendelea, miguu ndani ya maji. Mimi nilimpelekea sombe, nikaweka sahani juu ya kiti penye mlango, nikarudi kuiondoa imejaa nzi. Kontra, ile karatasi ya mapatano, haikuja. Nikimuuliza, alijibu patro ana shughuli.

Kitu kilisimama. Alikimbia kutoka chumbani akanibeba juu kama mtoto, mimi na mifupa yangu. Watu walianza kukitumia, watu wengi, huko mbali. Kisha asubuhi moja masini ikakataa neno lake la siri. Akajaribu tena. Akamwandikia patro, akawaandikia wenzake. Kimya. Baadaye akanionyesha picha za wajenzi: patro na ndevu zake, wale wengine ambao nilikuwa nimewasikia wakiitwa, na mmoja mpya anayetabasamu. Yeye hakuwemo. Ile sehemu ya mashahidi ilikuwa na jina la patro, kwa sababu patro ndiye aliyeiingiza kwa mkono wake. Na hao mashahidi wa masini, kwa vile hawasahau kitu, watasema hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Watu wananiambia uchungu unapungua. Hawajawahi kutengeneza kasiksi. Ukiiacha ikae, inazidi ukali.

Tulikwenda kwa avoka mmoja mjini, mtu wa sheria, wa heshima, mwenye koti. Mjukuu alisema yake. Kisha nikasema mimi: majina yote niliyoyasikia mlangoni, moja baada ya jingine, na siku ile ilikuwa siku gani, na patro alicheka mara ngapi. Avoka alinisikiliza huku kalamu yake imelala.

“Mama, hayo ni majina tu,” alisema. “Kiingereza unasikia?”

“Hapana.”

“Basi makubaliano hukuyasikia. Na weye ni damu yake. Mniletee watu wa nje waliomwona akiifanya hiyo kazi, tutaanzia hapo.”

Nikaenda kwa mzee wa kiwanda. Alikuwa anapanga mifuko ya mchanga mbele ya mlango wake, maji yalikuwa karibu.

“Mama, minye nilirudishwa,” alisema. “Sikukunywa.”

“Lakini uliona!”

“Macho yaliona. Mdomo haukupata kitu.”

Mama wa ndagala alikuwa mkali zaidi, maana ni rafiki. “Siku ile tulikuwa aibu ya kufichwa. Leo tumekuwa dawa?” Na pasta, kwa sauti yake ya ibada: “Hata maziwa yangu yalirudi jikoni, mama yangu. Maziwa! Yalikuwa na kosa gani?”

Sikuwalaumu. Niliyemlaumu alikuwa nyumbani kwangu, anakula chakula changu, na usoni ana sura ya binti yangu. Nilirudi nikakamua ndizi tena.

“Acha, Koko,” aliniambia.

“Nyamaza. Safari hii utamimina weye.”

Walikuja Jumapili baada ya misa na ibada. Mjukuu alivaa suruali. Alimimina kwa mikono miwili, mgongo umeinama, akampa kila mmoja na kuomba msamaha, si kwa maneno ya shule sasa, kwa maneno ya nyumbani. Pasta alipata maziwa yake. Walikunywa polepole, hakuna aliyemharakisha mwenzake. Moyo wangu ulianza kulegea. Nikasema, sasa ana watu.

Mzee wa kiwanda akapangusa sharubu, akasimama kama inavyotakiwa.

“Nimekunywa. Niko shahidi. Niliona kijana huyu akikaa mbele ya masini, mvua na kiangazi. Niliona maji yakimfika kwenye magoti, hakuondoka. Niliona akikonda. Alichokuwa anaandika sikukiona. Mzungu wake sikumwona, sikumsikia.” Akakaa.

Mama wa ndagala alisema vilevile. Pasta alisema vilevile, akaongeza kwamba Mungu anajua.

“Mungu hataitwa na avoka!” nilipiga kelele. “Semeni basi! Semeni alikijenga! Nani katika mji huu hajui alikijenga?”

Mzee hakukasirika. “Mama, unataka tukunywe kwako halafu tuseme tusichokiona? Baba yako angekubali?”

Mafundisho hayo niliyanyonya pamoja na maziwa.

“Wamesema kweli, Koko,” mjukuu alisema. Leo ana meza ya kutengeneza simu karibu na bandari ya Kalundu, na sauti aliyonayo huko akiwaambia watu simu yao imekufa ndiyo sauti aliyoitumia siku ile. Aliokota kikombe cha mwisho, akamimina, akanipa mimi. Sikutegemea. Nikanywa, kwa sababu mkono wake ulikuwa mbele yangu.

“Na weye?” akaniuliza. “Weye uliona nini?”

Walinigeukia wote. Nilitafuta kila siku ya siku zile, sahani zote, mlango wote. Majina yalikuja yote, yamejipanga, hayana kazi. Yeye mwenyewe nilimwona kutoka mlangoni tu, siku zote kutoka mlangoni.

“Mgongo wako,” nilisema. “Niliona mgongo wako.”

Akaitika kwa kichwa, akaenda kummiminia mzee kilichobaki.