Kurasa Tupu za Bi Kasoro

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu saa moja asubuhi, yakakatika saa tatu, kisha likawaka jua la kuumiza macho. Hapa kwetu, kliniki ya afya ya akili ya watoto, viatu vya watu viliacha matope toka mlangoni hadi kwenye meza yangu ya usajili, na mfagiaji alinuna kutwa.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mkaguzi wa mashati. Kikao chake kilikuwa saa nne na nusu. Alifika saa mbili kasorobo, akiwa amemshika mtoto mkono, na badala ya salamu akaniambia saa ya ukutani iko nyuma dakika sita.

"Nimeiona," nikasema.

"Umeiona tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Na bado iko hapo inadanganya watu."

Akaketi kwenye benchi la mwisho. Sikumpenda mwanamke huyu, na sidhani kama kuna mtu kliniki aliyempenda. Lakini mambo yake yalipita mikononi mwangu, na ni haki yaandikwe kama yalivyokuwa.

Kiwandani wanamwita Bi Kasoro. Ana miaka arobaini na saba. Amefanya kazi katika kiwanda cha mashati miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na mitatu ya mwisho amekuwa mkaguzi. Shati linaletwa mezani kwake, anavuta kola, anageuza mikono, anapitisha kidole kwenye mishono, anahesabu vifungo. Likiwa na kosa analiandika: namba ya shati, mahali, aina ya kosa. Likiwa zima analisukuma upande wa pili na haliandikwi popote. Mafundi cherehani wanamchukia kwa sababu shati likirudi hulishona upya muda wa chakula.

"Bi Kasoro," mmoja alimwambia siku moja mbele ya wenzake, "wewe siku ukifa utainuka uikague sanda!"

"Nikijua wewe ndiye umeishona, nainuka."

Mumewe aliondoka mwaka wa nne wa ndoa, hawakujaliwa mtoto. Akiulizwa kilichowaachanisha husema, "Alikuwa analamba kijiko kisha anakirudisha kwenye sukari." Kama alimfukuza yeye au mwanamume ndiye aliyekimbia, hasemi.

Mtoto aliyekuwa akimleta ni wa kaka yake mdogo, fundi wa majokofu. Ni msichana wa miaka kumi. Alipofika minane alianza kushikwa na hofu kali inayotoka kwa sura ya hasira. Anapiga kelele, anauma, anarusha chochote kilicho karibu, kisha anaingia chini ya meza na kukaa huko hata saa nzima. Shule mbili zilimkataa kabla ya ya tatu kumpokea. Mwezi wa nane mwaka uliopita mama yake alimpeleka kwa Bi Kasoro na mfuko wa nguo. "Wiki mbili tu, wifi, nipumue," alisema. Wiki mbili zikawa miezi saba. Halafu wazazi wakatuandikia barua: wanaomba mtoto apelekwe kwenye makao ya bweni, kule ambako geti hufungwa kwa kufuli na ndugu huruhusiwa kuja mara moja kwa miezi mitatu. Shangazi alipopewa nakala ya barua ile aliisoma akiwa amesimama mbele yangu, akairudisha, akasema maneno matatu tu: "Huyu haendi popote." Ndilo jambo lililoitiwa kikao.

Sharti nieleze kuhusu daftari. Kila familia inayohudumiwa hapa hupewa daftari la nyumbani, lenye tarehe juu ya kila ukurasa na mistari mitupu chini. Tunawaambia waandike siku ya mtoto ilivyokwenda. Ukweli ni kwamba wengi hulijaza palepale kwenye benchi, asubuhi ya kikao, kwa kalamu moja wanayopokezana: ametulia, ametulia, amekula vizuri, ametulia. Sisi tunajua, nao wanajua kwamba tunajua. Bi Kasoro alipewa lake tarehe 14 Desemba. Siku ile ya kikao lilikuwa na siku tisini.

Chumbani tulikuwa sita. Daktari, mwanamke asiyependa kupaza sauti, ofisa ustawi na faili lake, kaka mtu akiwa na ovaroli ya kazini, mkewe, Bi Kasoro, na mimi mwandishi wa kikao. Mtoto alibaki na muuguzi kwenye chumba cha michezo.

Ofisa alifungua daftari akalisoma kama hati ya mashtaka.

"Tarehe kumi na nane Desemba. Amevunja sahani mbili. Ameniuma mkono wa kulia juu ya kiwiko. Dakika arobaini. Tarehe kumi na tisa. Amekataa kuoga. Amemtemea mate jirani. Jirani alistahili, lakini amemtemea."

Akasoma zote. Karibu kila ukurasa ulioandikwa ulikuwa na pigo, jeraha au kitu kilichovunjika, na muda wake kwa dakika.

"Mnasikia wenyewe," akasema kaka mtu. "Mwandiko wake huo. Sisi hatujasema neno."

"Kurasa nyingine ni tupu," ofisa akasema. "Mama, familia zote zinaambiwa zijaze kila siku. Zile siku nyingine ulikuwa humwangalii mtoto?"

"Hazikuwa na kitu."

"Kila siku ina kitu."

"Shati likiwa zima wewe unaandika nini?"

"Mimi sikagui mashati, mama."

"Inaonekana."

Wifi yake akageuka. "Mtoto si shati."

"Nashangaa unalijua hilo. Wewe ndiye uliyemrudisha kama shati lililokwenda kombo kola."

Hapo mama wa mtoto akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Akapandisha mikono ya blauzi hadi mabegani. Makovu yalikuwepo, mengi, mengine ya zamani na mengine yana alama za nyuzi.

"Miaka miwili nimeumwa mimi! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unakuja Jumapili, unapitisha kidole juu ya kabati langu kutafuta vumbi! Miezi saba umekaa naye, leo unajiona malaika!"

"Sijasema mimi malaika," akasema Bi Kasoro, naye akainuka.

"Kaeni," daktari akasema.

Hakuna aliyekaa mpaka aliposema mara ya pili.

Daktari akanisogezea daftari akanitaka nihesabu kurasa zilizoandikwa, siku thelathini thelathini. Nikahesabu, nikarudia. Siku thelathini za kwanza, kumi na tisa. Za pili, tisa. Za mwisho, tatu.

"Zinapungua," daktari akasema.

"Au amechoka kuandika," ofisa akajibu. "Watu huchoka. Nimeyaona madaftari mengi yakianza kwa moto na kuisha hivyo."

Daktari akamtazama Bi Kasoro. "Jumapili iliyopita, tarehe kumi. Ukurasa ni mtupu. Tueleze siku hiyo."

Bi Kasoro alipitisha kidole kwenye mistari.

"Sikumbuki."

"Ni siku nne tu zilizopita, mama."

"Haikuwa na kosa, ikapita. Nishike nini?"

Kaka yake akacheka kwa pua. "Ndiye mnayetaka tumwachie mtoto. Hata siku nne nyuma hazijui."

Bi Kasoro alikuwa anatazama ule ukurasa mweupe mezani kama aliyekabidhiwa kazi ya mtu mwingine chini ya jina lake. Miaka kumi na mitatu ameshika yale mabovu na kuyaacha mazima yapite. Sasa aliambiwa ataje mazima, naye hakuwa nayo.

Ofisa alishachukua kalamu. Daktari akamwambia angoje, akanituma nikamwite muuguzi na mtoto.

Mtoto alisimama mlangoni akishikilia kitasa. Aliwaona wazazi wake, akawatazama mmoja mmoja, lakini hakusogea. Daktari alimwuliza walifanya nini nyumbani Jumapili.

"Tulifua mapazia."

"Halafu?"

"Shangazi alikanyaga sabuni, akaangukia ndani ya beseni. Akakwama." Akapima kwa mikono jinsi alivyokwama. "Mimi nikacheka. Akasema nikicheka tena atanikagua masikio. Nikacheka tena. Akanikagua. Halafu na yeye akacheka."

"Sikucheka," akasema Bi Kasoro.

"Ulicheka. Ukashika mbavu."

"Nilikuwa nimeumia mbavu."

"Ulikuwa unacheka, shangazi."

Daktari akainamisha uso kidogo. "Na siku hiyo ulikasirika hata mara moja?"

"Kidogo. Jirani aliniita kichaa. Nikaingia chini ya meza. Shangazi akaniwekea chai hukohuko chini, halafu akatoka kwenda kugombana naye."

Ofisa alikuwa wima kabla mtoto hajamaliza. "Haya! Hilo mbona hukuandika?"

"Kosa lilikuwa la jirani," akasema Bi Kasoro. Kumbukumbu ilikuwa imemrudia sasa. "Alikaa chini ya meza dakika nne. Chini ya tano mimi siandiki. Huo ni uzi umechomoza, unaukata mambo yanaendelea."

"Nani alikupa kipimo hicho cha dakika tano?"

"Wewe ulinipa kipimo gani? Ulinipa daftari na mistari."

Nilitazama mkono wangu ukiandika. Ni mimi niliyempa lile daftari. Nilimwambia kama ninavyowaambia wote, andikeni siku ilivyokwenda, na sikuinua kichwa.

Muuguzi alimrudisha mtoto kwenye michezo. Daktari akawageukia wazazi. "Kama si makao, mtamrudisha kwenu?"

Mama mtu alitazama mkoba wake. Kaka mtu alisugua goti la ovaroli. "Nyumba ni ndogo," akasema mwishowe.

"Yangu ni chumba kimoja," akasema dada yake.

Uamuzi ulitolewa saa sita kasoro dakika kumi, ofisa akipinga na kutaka upinzani wake uandikwe. Nikauandika. Ombi la makao limekataliwa. Mtoto abaki kwa shangazi miezi mitatu, kisha hali itazamwe tena. Muuguzi awe anakwenda nyumbani kila wiki. Wazazi waende kukaa na mtoto kila Jumamosi. Daftari lijazwe kila siku, yenye kosa na isiyo na kosa.

"Isiyo na kosa niandike nini?"

"Kama alivyosema mtoto," daktari akajibu. "Beseni, mapazia."

"Mnataka hadithi," akasema Bi Kasoro kwa dharau. Lakini alitia sahihi.

Ugomvi haukuishia mezani. Kwenye ukumbi, mbele ya benchi lililojaa mama na watoto, Bi Kasoro alipokwisha kumchukua mtoto, kaka yake alimfuata.

"Umetuvua nguo mbele ya watu, dada. Kuanzia leo usinijue."

"Kukujua nakujua. Nimekubeba mgongoni."

"Na Jumamosi hatuji."

"Msipokuja nitaandika. Tarehe na saa."

"Andika!" wifi yake akasema. "Andika mpaka wino uishe! Utamshika miezi mitatu, akikuvunja meno utaturudishia."

"Kurudisha ni kazi yenu." Akamvuta mtoto upande wa pili, asiwe katikati yao. "Na kitanda chake nakitaka. Miezi saba kimekaa kwenu, mimi nalala naye godoro moja ananipiga mateke. Nilikuwa nangoja kujua anakaa wapi. Sasa najua."

"Njoo ukichukue," kaka yake akasema. "Na usiingie ndani."

Wakaondoka kwa milango tofauti. Mama mmoja kwenye benchi, mwenye kalamu ya kupokezana mkononi, alifunika daftari lake akaniuliza kama siku hizi watoto wanaulizwa. Nikamwambia wanaulizwa. Akaanza kupasua kurasa.

Ya kesho yake niliyapata kwa mwenye mkokoteni, ambaye nakaa naye jirani. Ijumaa, baada ya kumfikisha mtoto shuleni na kumwomba msimamizi wake ruhusa ya saa mbili, Bi Kasoro alimkodi yeye na mkokoteni wake, wakaenda hadi kwa kaka yake. Kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani nje, bolti zimo ndani ya kopo. Alichuchumaa akakagua ubao mmoja mmoja. Akamimina bolti kiganjani, akazihesabu. Akabisha hodi.

"Nini tena?" wifi yake akauliza bila kufungua.

"Kitanda hiki kina bolti nane. Hapa ziko saba."

"Siijui."

"Basi nangoja."

Akaketi juu ya mbao, mkoba mapajani. Mwenye mkokoteni akamwambia mama twende, bolti zinauzwa kila duka. Hakusikia. Baada ya kama robo saa dirisha likafunguka, bolti ikarushwa, ikampita sikioni. Aliifuata hadi kwenye mtaro, akaiokota, akaipangusa kwa upindo wa sketi, akaitia ndani ya kopo na zile saba. Wakapakia mbao, kisha akashika mkokoteni upande wa kushoto wakaanza kusukuma.