Siku Shaba Alipokula Ubwabwa wa Wajenzi

Ngoja kwanza niwataje waliokuwepo, maana wengi wameshatangulia mbele ya haki na mie sipendi mtu aachwe nje ya habari yake mwenyewe. Alikuwepo Bibi Mwanahawa, mama yake mama yangu, ambaye nyumba ile ya Temeke ilikuwa yake. Alikuwepo Mjomba Athumani, mwanawe wa kiume wa pekee. Alikuwepo Mzee Likapa, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa Masasi, na binti yake Konsolata, ambaye alikuwa shoga yangu wa kucheza rede. Alikuwepo Bi Salha, mke wa Mwarabu mwenye duka la pale kona, mwanamke anayenukia udi hata akiwa anapepeta mchele. Na alikuwepo Shaba. Shaba alikuwa farasi.

Wote hawa wamenijia juzi kwa sababu ya moshi. Mjukuu wangu Shani alichoma majani mabichi ya mwarobaini uani, hapa kwetu Chanika, afukuze mbu. Moshi ule mchungu uliponiingia puani, nikaacha kuchambua mchicha, nikakaa tu. Shani akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimepata wageni.

Mjomba Athumani alikuwaga mtunza farasi kwa Mzungu mmoja, huko upande wa ufukweni walikokaa wakubwa. Uhuru ulipopatikana, yule bwana akakaa kidogo halafu akafunga mizigo. Farasi jike lake lilikuwa limeshazeeka, halikuwa la kupakiwa melini, na yeye akaona heri alipige risasi kuliko kuliacha liteseke. Mjomba akamwomba ampe yeye. Basi siku hiyo tukamwona Mjomba anakuja na njia, sanduku lake la bati liko juu ya mgongo wa mnyama mwekundu kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa, na nyuma yao kundi la watoto limeacha shule. Bibi akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Athumani mwanangu," akasema, "wenzio wakiacha kazi wanarudi na mabati."

Dawa za dukani Mjomba hakuwa nazo. Asubuhi na jioni alifukiza banda kwa mwarobaini, nzi wasimuume Shaba wakamtia ugonjwa. Alimsugua mwili kwa makumbi ya nazi, akamchokonoa kwato kwa kijiti, akamlambisha chumvi kwenye kiganja. Chakula chake kilikuwa majani, majani tena, anakula taratibu kutwa nzima huku anatembea kwenye mikorosho. Na alikuwa na sharti moja ambalo watu walilicheka mtaa mzima: kwa Shaba unapiga hodi. Humwendei kwa nyuma, humvamii. Unasimama ubavuni anapokuona, unasema hodi kwa sauti ya chini, unanyoosha kiganja, unangoja. Akikugeuzia sikio, umekaribishwa.

"Huyo ni mnyama au mama mkwe wako?" Bibi alimuuliza. "Mbona unamnyenyekea hivyo?"

Mzee Likapa ndiyo hakutaka hata kusikia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita mkutano, na hodi yake aliipiga akiwa ameshaingia ndani. "Mie nipige hodi kwa farasi?" alisema. "Mie, balozi?"

Ikaja Ujamaa. Mtaa wetu ukakubaliana kujenga zahanati kwa kujitolea, kila nyumba itoe mikono. Matofali tulifyatua wenyewe, lakini maji yalikuwa mbali, kina mama wanabeba ndoo mpaka shingo zinauma. Mzee Likapa akasimama kwenye kikao akasema katika mtaa wake hakuna anayekula bila kufanya kazi, na farasi anakula. Avute mkokoteni wa maji, la sivyo aondoke. Mjomba hakubishana. Aliomba apewe muda tu, kwa sababu Shaba alizoea kupandwa, hajawahi kuvuta kitu.

Sie watoto tulifaidi muda huo kama sinema. Kwanza Mjomba aliuleta mkokoteni akauacha tu pale bandani, kuku wakawa wanalala juu yake. Halafu akawa anamwekea Shaba majani yake humo humo, ale akiwa kichwa chake kimo ndani. Akatufunga mie na Konsolata mbele tuuvute, Shaba akawa anatufuata nyuma, maana chakula chake kinaondoka. Akamfunga debe tupu aliburute, azoee kelele. Kila akishtuka, Mjomba alisimama, akamshika shingo, akamwimbia kitu cha chini chini, wakaanza upya. Mzee Likapa akipita anatikisa kichwa.

"Mchape fimbo moja, atajua."

"Atajua nini, Balozi? Atajua fimbo."

Basi siku ilipofika, Shaba alitokea na mapipa ya maji nyuma yake, anatembea kama bibi harusi, haangalii huku wala huku. Kina mama wakaweka ndoo chini wakapiga vigelegele. Alikwenda na kurudi asubuhi nzima. Adhuhuri ilipoingia Mjomba akamfungua, akamfunga chini ya mkorosho, akaenda msikitini.

Sasa nyie mnaosoma, lazima mjue desturi ya kujitolea. Aliyefanya kazi haondoki na njaa, hilo lingekuwa aibu ya mtaa. Ubwabwa na maharage ulikuwa umeiva kwenye sufuria kubwa. Mzee Likapa akatazama mkorosho ule akasema, kwa sauti yake ileile, "Huyu naye ni mjenzi. Mpakulieni!" Na watu walivyofurahi, nani angekataa? Bi Salha akatuma dukani ikaja pumba, kikapu kizima, kavu. Huyu akaongeza ukoko, yule akaongeza maharage. Mzee Likapa mwenyewe alibeba sinia kwa mikono miwili akamwekea mbele. Shaba alikula. Sie watoto tulitazama kwa wivu, sinia lake lilijaa kuliko letu.

Kilichofuata kilianza kidogo kidogo. Aliacha kula. Akaparua ardhi kwa mguu. Akawa anageuza kichwa kutazama mbavu zake, kama mtu aliyesikia anaitwa. Jasho likamtoka mpaka manyoya yakawa meusi. Halafu akapiga magoti, akalala, akaanza kugaagaa, na mlio alioutoa sijausikia tena.

Mjomba alikuja mbio, kofia mkononi. Aliweka sikio kwenye tumbo la Shaba, akakaa hivyo. Alipoinua uso ulikuwa na rangi ya majivu. "Kimya," akasema. "Tumbo lake siku zote linanguruma. Sasa kimya. Limemsokota. Asipopata choo anakufa leo." Akatuangalia. "Kala nini?"

Watu wazima wote wale, na midomo yao, wakawa wanatazama miguu yao. Mwishowe Bibi akasema, "Kala tulichokula sisi, mwanangu."

Mjomba akaliona sinia. Akamwona Mzee Likapa amesimama karibu nalo. Mie nilijikunyata, nikajua leo ndiyo leo, maana kwa Mjomba mnyama yule alikuwa ndiyo kila kitu. Mke hana, kazi hana, ana Shaba.

"Kosa langu," Mjomba akasema. "Sikuwaambia kwamba chakula chetu kwake ni sumu. Haya, tumwinue. Lazima atembee. Balozi, shika kamba wewe."

"Mie?"

"Wewe una sauti. Mwongeleshe, asikie mtu, asilale."

Tukamwinua. Mzee Likapa akashika kamba wakaanza kuzunguka mikorosho, na kwa sababu hakujua mtu anaongea nini na farasi, alimhutubia. Alimweleza habari za zahanati, ukubwa wa vyumba, mlango utakapokaa. Alipoishiwa, akaanza kumsimulia kwao Masasi. Bibi Mwanahawa, ambaye alizoea kukanda wazazi, alifunga kanga kiunoni akawasha moto, akawa anachovya matambara kwenye maji ya moto na kumkanda Shaba tumbo kila akisimamishwa. "Tumbo ni tumbo," alisema. Mie na Konsolata tulipeleka maji ya vuguvugu. Bi Salha alitembea nyuma, viatu mkononi, kanga imemdondoka kichwani, analia na kuomba dua. Mtaa mzima ukawa unazunguka, kama watu wanaosindikiza. Kila mzunguko Mjomba aliweka sikio. "Bado." Tena. "Bado." Jua likaanza kulala.

Halafu Shaba akajamba.

Mtanisamehe neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ulikuwa ushuzi mrefu. Konsolata akaniangalia, tukauma midomo. Bi Salha, mwanamke wa udi yule, akainua mikono juu akasema, "Alhamdulillahi!" kwa moyo wake wote. Mjomba akaweka sikio, na nikaona mabega yake yanashuka. "Linanguruma," akanong'ona. "Msisimame."

Walipofika kwenye msingi wa zahanati, Shaba akasimama mwenyewe, akainua mkia.

"Amekunya!" Mzee Likapa akapaza sauti, ile ya mkutano. "Jamani, amekunya!"

Sijaona harusi iliyopigiwa vigelegele kama vile. Watu walikumbatiana, Wakristo kwa Waislamu, juu ya mavi ya farasi. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba alikaa juu ya tofali, akajifunika uso kwa kofia yake, mgongo unamtikisika, na Mzee Likapa akasimama mbele yake kumkinga watu wasimwone.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kufukiza banda. Nikamkuta Mzee Likapa ameshafika. Hakuniona. Alisimama ubavuni, mrefu vile, amevua kofia. "Hodi, Shaba," akasema, polepole. Akanyoosha kiganja, akangoja. Akangoja sana. Mpaka sikio likageuka.

Nilikua nikidhani siku ile ilikuwa habari ya farasi aliyepona. Ni mpaka nilipokuwa na nyumba yangu na wakwe zangu, siku mmoja wao alipoharibu kitu changu cha thamani kwa kunipenda, ndipo nilipomwelewa Mjomba. Angeweza kuwafukuza wote, na haki alikuwa nayo. Wangekwenda kukaa majumbani na aibu zao, na mtaa usingekuwa mtaa tena. Yeye akampa kamba aliyebeba sinia. Kule kuzunguka kulikuwa dawa ya tumbo la Shaba, na ya sie wengine pia.

Shaba aliishi mpaka zahanati ikaezekwa. Nasema ilikuwa mikorosho, ila Konsolata, aliye hai bado huko Boko, anashikilia kwamba ile ilikuwa michungwa, na kwamba sinia lilibebwa na mama yake, si baba yake. Huenda. Kama yupo msomaji aliyezunguka nasi jioni ile na anakumbuka tofauti, aje Chanika anisahihishe. Apige hodi tu.