Mashine ya Ghorofa na Kurasa za Mama

Mume wangu ni fundi wa lifti, na kazini wanamwita Ghorofa. Ni mtu mpole, lakini akishika jambo hashiki nusu. Miaka minne iliyopita aliniambia anataka kutengeneza mfumo endeshi wake mwenyewe, yaani ile programu inayoiamsha kompyuta na kuipangia kazi, na kwamba hatachukua wa mtu, ataanza sifuri. Nikamwambia sawa, ilimradi asiguse meza yangu ya kushonea mapazia. Wiki ya pili kompyuta kuukuu ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo, na mkasi wangu mzuri nikaukuta umebana waya.

Kila siku aliamka kabla ya jua, akaandika programu yake kwa muda wa saa moja hivi, ndipo akaenda kazini. Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja akaniita, nikaja na mswaki mdomoni. Kwenye kioo cheusi, pembeni kabisa, kulikuwa na herufi A. Basi, hiyo tu. Nikamuuliza hiyo A imekuja kufanya nini. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi, nikiri tu, nilifurahi kumwona amefurahi vile.

Msije mkadhani ulikuwa mchezo mtupu. Mama yake, tunayeishi naye, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku hizi mikono inamtetemeka, kalamu haishikiki, na macho yanataka herufi kubwa kama kiganja. Kompyuta za kawaida zilimshinda: akigusa kidogo tu, vidirisha vinafunguka kila upande, naye anaomba radhi kana kwamba ameingia nyumba ya watu bila hodi. Na ni yeye peke yake aliyebaki anayemjua baba wa mume wangu, aliyefariki mwanawe akiwa mchanga. Kila akiulizwa, sauti inamkatika na mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Aliwahi kusema mdomo umegoma, labda mkono ungeweza. Mume wangu amefika miaka hamsini na moja bila kujua kama baba yake aliwahi hata kumbeba. Ndiyo maana mashine yake ilikuwa na kazi moja: ukiiwasha, unapata ukurasa mweupe na herufi kubwa, hakuna kingine.

Mwaka huu ikawa tayari. Kila siku baada ya chai mama alikaa mbele yake, akigonga kitufe kimoja kimoja kwa kidole kimoja, nasi tukapigwa marufuku kuingia chumbani. Wiki tatu, kurasa nne. Kisha mchana mmoja, katikati ya sentensi, umeme ukakatika. Uliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe pe. Si sentensi ile tu, zote nne hazikuwapo.

Sikuwa na subira. Nilimpigia mume wangu simu huko huko kazini nikamuuliza ni mashine gani hii isiyokumbuka. Jioni akarudi na ovaroli yake ya mafuta, akafungua alichokiandika, akakisoma, akashika kichwa. Lifti, alinieleza, umeme ukikatika ghafla haitakiwi kukumbuka chochote. Ukirudi, inafuta maombi yote ya watu, inashuka chini taratibu, inaanza upya, kwa sababu ikikumbuka inaweza kuondoka na mtu aliye nusu ndani nusu nje. Miaka ishirini na minane ameishi na kanuni hiyo. Basi na mashine ya mama akaijengea hivyo hivyo: ukiizima vizuri inatunza kila kitu, ikikatika ghafla inafuta vyote.

"Kurasa za mama nimezifuta kwa ajili ya usalama," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumsema mpaka ashibe, nikajikuta namtengea chakula.

Alikwenda kwa mama kuomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza matengenezo yatachukua siku ngapi. Mbili, akajibu. Zikawa tano. Sasa kila ukiweka nukta, sentensi inahifadhiwa papo hapo, na hakuna cha kuifuta. Sikumwamini hivi hivi. Niliandika upuuzi wangu pale, nikachomoa waya ukutani mara kumi na moja kwa mkono wangu mwenyewe, kwa raha zangu. Upuuzi wote ulirudi.

Mama akaanza tena, bila kinyongo chochote. Siku moja nilipompelekea chai nilimuuliza kama anakumbuka yale ya mwanzo.

"Nayakumbuka, mkwe wangu, ila siyarudii," alisema. "Kule nilimpamba mno. Ningekutana naye njiani nisingemtambua."

Jumapili iliyopita akatuita wote wawili. Mume wangu akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. Baba yake alikuwa mwepesi wa hasira. Alivaa soksi zisizofanana, na akibishiwa anasema zinafanana. Aliimba vibaya na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Tulicheka, na mama alicheka kutuzidi. Kisha mume wangu akafika kwenye mstari wa mwisho, akauwekea kidole. Akanipisha kwenye kiti ili nimsomee. Nikasoma:

"Alikaa nawe siku tisa, mwanangu, na siku zote tisa hakukubali mtu mwingine akuogeshe."