Kibonyezo cha Choo Kilichokwama

Mnisamehe mwandiko. Mkikuta herufi imeruka, irudisheni wenyewe. Niliishia darasa la saba. Kosa ni langu. Langu mimi!

Nimeolewa hapa Runzewe. Mume wangu yuko machimboni, mimi naishi na wazazi wake na wifi yangu, Mama Shija. Maji ya bomba ni ya mgao, tunayahifadhi kwenye simtanki. Ili yasiishe upesi, baba mkwe alimwita fundi akamfungia choo cha vibonyezo viwili: kidogo cha haja ndogo, kikubwa cha haja kubwa. Hakunieleza yeye, mkwe hawezi. Alimtuma wifi.

"Bi harusi, bonyeza taratibu. Hapo hutwangi mahindi!" Wifi akacheka.

Asubuhi ile nilibonyeza kikubwa kwa nguvu. Kikazama, hakikurudi. Maji yakawa yanatiririka chooni, shiii, hayakomi.

Baba mkwe alikuwa sebuleni. Jamani, ningeanzaje kumwambia mkwe wangu habari za choo? Na wifi angenitangaza mpaka sokoni.

Nikafunga mlango nisiyasikie. Nikaenda kupeta mchele.

Mchana Shija, mtoto wa wifi, hata kuongea bado, akavuta sufuria ya uji. Ukammwagikia mguuni. Kile kilio!

"Maji! Wifi, fungua maji!" mama yake akanipigia kelele.

Nikafungua bomba la jikoni. Likakohoa, likanyamaza. La bafuni, hivyo hivyo. Simtanki tupu! Tukakimbia kwa jirani, mtoto begani mwa mama yake, ngozi inavimba tunaiona. Tukagonga geti. Tukagonga! Lilichelewa kufunguliwa.

Tuliporudi kutoka zahanati nilikivuta kile kibonyezo kwa ukucha. Kikaruka juu. Kwa ukucha tu!

Shija amepona, ila kovu limepanda hadi gotini. Baba mkwe anasema, "Fundi yule kanifungia kitu kibovu." Mtaa mzima umeacha kumpa kazi fundi yule. Wifi ndiyo kabisa, ananishukuru kwamba nilikimbia naye.

Ndugu zangu, hasa mlioolewa juzijuzi: ukisikia maji yanalia ndani ya nyumba, sema. Sema hata kwa mkwe, hata wakucheke.

Na ninyi wakwe, niandikieni. Binti akija na neno kama hili, mtamsikiliza? Nianze kukiri kwa baba mkwe au kwa wifi? Jibuni upesi. Kila jioni Shija ananinyooshea mguu ule nimpake mafuta.