Posa na Treni ya Mlimani

Mimi mtu akinichekea sana, kwanza naangalia mkoba wangu uko wapi. Ndivyo nilivyotoka Mombasa, na Dubai haikunipunguzia shaka. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika kliniki moja Oud Metha, na mapokezi ni kuambiwa uongo kutwa: huyu anasema ana miadi, hana, yule kaja kupimwa damu, anaapa hajala tangu jana, na makombo ya sambusa yako kidevuni. Kwa hiyo familia moja ya Kizanzibari, wakazi wa Dubai wa miaka na miaka, ilipoleta posa ya mdogo wangu niliyekuwa nikiishi naye Jumeirah Village Circle, nilisema moyoni, haya, tuone.

Kijana mwenyewe alikuwa na duka la vipuri vya magari Ras Al Khor. Mpole, msafi, kucha hazina hata alama ya grisi. Muuza vipuri gani huyo? Babangu kule nyumbani hakuwa mtu wa kuruka mila: ukiletewa posa hujibu papo hapo, unapeleleza kwanza. Na mpelelezi wa Dubai ni mimi. Nikamwuliza mama wa kijana nyumbani kwake, mbele ya chai yake mwenyewe, bila haya: "Kwenu hakuna maradhi ya kuanguka? Hakuna mwenye pepo?" Kwetu pwani hilo huulizwa, ila huulizwa kwa kuzungukazunguka. Mimi nililitupa mezani. Mama yule akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakuna, mwanangu. Sote tu wazima." Kule kunyamaza kwake nikakuweka akiba.

Baadaye wakatualika safari. Eid ya wakati wa joto, nusu ya Dubai hukimbilia Georgia kutafuta baridi, na mama wa kijana akasema twende Tbilisi sote wanne, wanawake chumba kimoja, kijana chumba chake. "Mkae nasi mtujue." Wallahi nilishuku hata hiyo baridi. Lakini Baba alifurahi, akasema mtu humjui mpaka usafiri naye. Washenga wangekuja kwake Ijumaa baada ya sala kuchukua jibu. "Nitangoja neno lako," akaniambia. "Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema la, ni la."

Ijumaa hiyo hiyo mdogo wangu akataka tupande treni ya mlimani. Ni treni ya kale, reli yake ina zaidi ya miaka mia, mabehewa mawili yamefungwa kwa waya mmoja wa chuma: moja likivutwa juu, jingine linateremka. Juu kabisa kuna bustani ya michezo, na mji wote unauona chini. "Yalla, dada, tutakosa nafasi!" Yeye alikuwa na furaha ya mtoto.

Kijana alibadilika tangu kituoni. Kwanza akasema tupande sisi, yeye ana simu ya kupiga. Mama yake akamshika kiwiko, akamnong'oneza kitu, kijana akapanda. Akachagua kiti cha kugeuzia dirisha mgongo, akainamia simu yake. Nami nikainama kama naokota kitu, nichungulie. Kioo cheusi ti! Hakuna maandishi, hakuna picha, naye kakikodolea macho hapepesi. Jasho linamtoka na hewa ni ya baridi. Nikasema, dalili ya mvua mawingu. Huyu ana mke mahali, au anaye hapa hapa Tbilisi.

Treni ile husimama katikati ya mlima, karibu na kanisa. Milango ilipofunguka tu, kijana akatoka mbio. "Tangulieni, nakuja," akasema bila kutugeukia. Milango ikajifunga, tukaondoka.

"Ameenda wapi?" nikamwuliza mama yake.

"Mtu wa kazi anampigia." Vidole vyake vilikuwa vinakimbiza tasbihi.

"Mbona simu haikulia, mama?"

Akageukia dirisha. Alikuwa anadanganya, na hilo naliapia mpaka leo.

Juu kulikuwa kuzuri, siwezi kusema uongo. Upepo mwanana, bembea kubwa la duara, mji umetandazwa na mto kati yake. Mdogo wangu alikimbilia foleni ya maandazi yao, hujazwa krimu ndani yakiwa ya moto. Mama akakaa kwenye benchi. Mimi nikajitenga, nikampigia Baba. Kule simu za intaneti zinapita, si kama kwetu Dubai. Alipokea kwa sauti ya chini. Nilisikia vikombe vya kahawa, na mzee mmoja akikohoa. Washenga walikuwa wameshakaa sebuleni.

"Haya," akasema.

Ningeweza kumwomba angoje mpaka jioni. Sikumwomba. Nilijiona hodari mno.

"Siridhiki naye, Baba. Ana jambo anaficha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi."

Mdogo wangu akaja na mfuko wa karatasi. "Haya mawili ni yake, maskini. Tukishuka tutampitia pale katikati."

"Maskini gani? Huyo katoroka, huoni?"

Akacheka. "Dada, anaogopa kuwa juu. Hata ngazi ya dukani kwake hapandi. Nilimwambia asije, akasema atajaribu kwa ajili yangu. Na kafika nusu!"

"Mbona hukuniambia?"

"Mama yake alinisihi. Ulipouliza mambo ya pepo, aliogopa utasema mwanawe anaye. Na mimi nilijua utamwambia Baba."

Nikampigia Baba tena, mdogo wangu kasimama mbele yangu ananitazama. Baba akasema wameondoka. Kwetu posa ikikubaliwa wazee huletewa halua na sherbati. Hawa walitoka na kahawa chungu tupu, na mtaa mzima ulikuwa barazani unawaangalia.

"Waite, Baba. Nimekosea."

"Niwakimbilie wazee watatu barabarani, niwaambie nini? Nilikuuliza, ukasema una hakika." Akakata simu.

"Umemwambia nini Baba?" mdogo wangu akauliza. Nikamwambia. Hakulia wala hakunitukana, laiti angenitukana. Alishika njia ya miguu inayoteremka mpaka kanisani, na mfuko wake mkononi. Nilimwita, hakugeuka.

Nikabaki na mama wa kijana. Tulipanda treni ya kushuka, viti vya kuelekeana, naye bado hajui kitu. Hatujafika katikati simu yake ikalia, nikajua ni washenga. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Sawa," akasema. "Waambieni tumeshukuru. Kila jambo na kheri yake." Akaitia simu mkobani, akafunga zipu polepole. Mimi sikuwa na pa kuweka macho.

"Mwanangu," akaniuliza, bila hasira hata chembe, "tumekukosea nini?"