Risper na shavu jeupe la kigong'ota

Jua la Jeddah halijachomoza vizuri, na Risper Onyango tayari amesimama ndani ya banda la ndege, nyuma ya nyumba ya mwajiri wake mtaani Al-Baghdadiyah. Mkononi ana bakuli la lozi zilizovunjwavunjwa. Juu ya gogo la mtende, ndege mweusi mwenye madoa meupe anaupigapiga mti kwa mdomo, mbio mbio, mpaka vumbi linamwangukia Risper kwenye kitambaa cha kichwa.

"Mimi nikigonga ukuta hivyo mara moja tu, ni hospitali," ananong'ona. "Huyu ndiyo kazi yake, na kichwa hakimuumi. Mungu ni fundi, jameni."

Ndege huyo ni kigong'ota wa Shamu, jike. Risper, mzaliwa wa Bondo, Kenya, alikuja Saudia kupika na kufua. Mlezi wa ndege alipoondoka, madam alimwomba awaangalie kwa muda mfupi tu. Huu ni mwaka wa sita, na jikoni kuna mtu mwingine.

Majira ya baridi yaliyopita, jike huyo mpweke alinyamaza kabisa. Gogo hakuligusa. Mwenye nyumba, ambaye Risper humwita baba, alisema asipopata mwenzake atampa mfugaji mwingine, mbali. Risper alilia kama anayefiwa, na wala haoni haya kusema hivyo.

Ndipo ikaja habari njema: dume limepatikana Riyadh, mtaani Malaz, kwa kaka yake baba, ambako ndege hutunzwa na Yassir, kijana wa Unguja.

Lakini yuko kigong'ota mwingine, wa Ulaya, anayefanana na wa Shamu kama shilingi kwa ya pili. Tofauti iko shavuni. Wa Ulaya ana mstari mweusi unaokata shavu hadi kisogoni. Wa Shamu hana. Weupe wake unateremka shingoni bila kizuizi. Wakichanganywa huweza kuzaa machotara, jambo ambalo baba hakulitaka hata kulisikia.

Kasha lilipofika kwa gari, Risper alichungulia. Mstari ulikuwepo, mweusi, shavu zima. Kwa moyo mzito akamweleza baba kwamba siye. Baba akajibu kwamba basi, halas, dereva arudi naye, na jike atafutiwe pa kwenda.

Risper akampigia Yassir simu kumlaumu. Yassir hakukasirika. Alisema ndege huyo kamlea mwenyewe, shavu jeupe pe. Kisha akakumbuka jambo.

"Dada Risper, nilimtilia tende kashani, zile laini. Mgeni hatoki Riyadh mikono mitupu. Hebu mpe maji kwanza, halafu mtizame vyema."

Risper akaweka beseni bandani. Dume likatua ukingoni, likasita, likajitosa. Likapiga mabawa hadi maji yakawarukia wote, baba pamoja na kanzu yake. Lilipotoka na kujikung'uta, mstari haukuwepo. Ulikuwa utomvu wa tende uliokauka na kushika vumbi la safari.

"Nilishika mdomo," anasema Risper. "Lile shavu liling'aa, nikajiona mdogo. Ningemrudisha, na kosa lingekuwa langu."

Baba alicheka sana. Dereva aliondoka na kasha tupu.

Sasa jike amerudia kugonga, na dume humjibu. Wiki hii wameanza kutoboa tundu kwenye gogo, kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anashika. Risper husimama chini yao akisahau hata chai yake.

Mkataba wake unakaribia kwisha, na mama yake anamngoja Bondo. Ameomba aongezewe miezi michache, na baba amekubali.

"Mama nimemwambia anivumilie kidogo," anasema, macho yakiwa kwenye tundu. "Nataka nione kinda akitoa kichwa pale. Shavu likiwa jeupe hadi shingoni, nitaenda nyumbani roho yangu imetulia."